Jina na Mwili Ugenini: Picha za Rotimi Fani-Kayode

Katika mwaka 1987 Rotimi Fani-Kayode, Mnaijeria aliyekuwa akiishi London, alipiga picha aliyoiita Bronze Head, yaani Kichwa cha Shaba. Ni picha ya nyeusi na nyeupe. Ndani yake waonekana mwili wa mwanamume mweusi, sehemu ya kiunoni na mapaja, umechutama; na chini yake kimesimama kichwa cha shaba kilichofanywa kwa mfano wa vile vichwa mashuhuri vya Ife. Uso wa mtu haumo. Uso pekee uliomo katika picha ni ule wa shaba. Mtazamaji hawezi kukata shauri kama mwili ule unakizaa kichwa, au unakikalia kama mfalme akaliavyo kiti chake, au unaingiana nacho kwa namna ambayo adabu ya kurasa hizi haihitaji kuifafanua. Maana zote tatu zimo, wala mpiga picha hakutaka kuiondoa hata moja.

Vichwa vya Ife si mapambo ya kawaida. Vile vilivyofukuliwa mwaka 1938 katika kiwanja cha Wunmonije viliwashangaza wataalamu wa Ulaya, baadhi yao wakataka kuamini kuwa kazi nzuri namna ile haikuweza kutoka katika mikono ya Waafrika. Kwa Wayoruba wenyewe Ife ni mahali ulimwengu ulipoanzia, na uso wa shaba ni uso wa ufalme. Fani-Kayode hakuwa mpita njia aliyekiona kichwa hicho katika kabati la makumbusho. Jamaa yake ilikuwa ya Ife, yenye vyeo vya jadi katika mji huo. Kwa hiyo anapouweka uso wa mababu zake mahali pale, chini ya mwili ule, anafanya jambo ambalo anajua uzito wake. Ndiyo sababu picha hii yafaa kutazamwa kwa utulivu kabla ya kutolewa hukumu, ya sifa au ya karaha.

Alizaliwa Lagos mwezi wa Aprili 1955. Baba yake, Chifu Remilekun Fani-Kayode, alikuwa mwanasiasa mkubwa wa Jimbo la Magharibi, naibu wa waziri mkuu wa jimbo hilo. Yalipotokea mapinduzi ya kijeshi ya Januari 1966, waziri mkuu wa jimbo aliuawa na naibu wake akakamatwa. Mwaka ule ule jamaa ikakimbilia Uingereza na kufanya makao Brighton. Baadaye kijana akaenda Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown, kisha katika Pratt Institute mjini New York, akamaliza mwaka 1983. Nigeria hakurudi kukaa. Alirudi London, akaishi Brixton, mtaa wenye watu weusi wengi ambao mwaka 1981 ulikuwa umewaka moto kwa ghasia baina ya vijana na polisi. Karibu kazi yake yote ijulikanayo ilifanywa katika miaka sita iliyofuata, hata alipofariki Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 34.

Alikuwa mwanamume apendaye wanaume, na aliishi pamoja na mwandishi na mpiga picha Alex Hirst. Hakuficha. Katika insha yake ya mwaka 1988, iitwayo Traces of Ecstasy, alieleza kwamba yeye ni mtu wa kando kwa mambo matatu: kwa mapenzi yake, kwa kung'olewa kwake katika nchi na utamaduni wake, na kwa kutokuwa yule bwana mwenye mke na kazi ya heshima ambaye wazazi wake walitumaini kumpata. Waandishi wa Ulaya huyakamata mawili ya kwanza na kulipita la tatu kana kwamba ni mzaha. Walakini msomaji wa Afrika ya Mashariki atalisimamia hilo la tatu. Kijana aliyesomeshwa ng'ambo kwa gharama ya ukoo, akarudi bila mke na bila ofisi, au asirudi kabisa, ni mtu ajulikanaye katika kila kijiji na kila mtaa. Na maneno asemwayo nyuma yake huanza zamani kabla mtu hajauliza analala na nani. Kwa Fani-Kayode mambo matatu hayo ni kamba moja yenye nyuzi tatu, na anayetaka kuufumua uzi mmoja tu hataiona kamba.

Waliomhakiki wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza humfanya mwanafunzi wa Ulaya na Marekani. Husema kuwa mwanga wake, unaomulika bega au paja na kuliacha lingine lote katika giza, ni mwanga wa Caravaggio. Kuwa miili yake yatokana na Robert Mapplethorpe, ambaye alimjua New York. Na kuwa shanga, vinyago na rangi za ibada ni nguo tu aliyowavika walimu wake. Kundi la pili humfanya kuhani. Kwao kila kitu katika picha ni ishara ya dini ya Wayoruba, na kazi ya mhakiki ni kuzifungua ishara moja moja kama mtu afunguaye vifurushi.

Kundi la kwanza halina jibu kwa Bronze Head. Mtu anayetafuta pambo hachagui kitu kitakachomgombanisha na ukoo wake. Kundi la pili nalo hushindwa na picha ya mwaka 1989 iitwayo Dan Mask. Wadan ni watu wa Liberia na Côte d'Ivoire. Lugha yao si ya Wayoruba, na miungu yao si ya Ife. Kuhani wa kweli hachukui barakoa ya watu wengine akaiingiza katika ibada yake kana kwamba ni yake. Fani-Kayode aliichukua, na jina la wenyewe akaliandika wazi katika anwani ya picha. Alijua kwamba aliazima.

Hapa elimu ya lugha yaweza kumsaidia mtazamaji kuliko historia ya sanaa. Neno kitabu lilikuja pwani kutoka Uarabuni. Kwa Kiarabu ile k ya mwanzo ni sehemu ya mzizi wa neno, pamoja na t na b, haing'oki. Waswahili wakaisikia ki- kama kiambishi chao, wakaling'oa neno kwa wingi, wakapata vitabu. Mwarabu msomi akisikia vitabu ana haki ya kucheka. Lakini kosa lile, kama ni kosa, ndilo lililolipa neno makao: tangu siku ile linapatana na vivumishi na vitenzi vyote kama mwenyeji, na hakuna mtoto wa Kiswahili aulizaye lilitoka wapi. Neno kipilefti limefanya safari ya namna hiyo hiyo kutoka Kiingereza, na barabarani twasikia vipilefti. Neno la kigeni halipati uenyeji kwa kuthibitisha nasaba yake. Hulipata linapoingia katika upatanisho wa sentensi.

Katika studio ya Fani-Kayode mambo yanakwenda vivyo hivyo. Mwili wa mwanamume mweusi ndio nomino. Kichwa cha Ife, barakoa ya Wadan, mwanga wa wachoraji wa Kitaliano, shanga na manyoya vyote hupewa upatanisho na mwili huo. Ndiyo maana haifai kuuliza kila kimoja kilitoka wapi kana kwamba swali hilo likijibiwa picha imekwisha kusomwa. Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Neno likihama halioni uchungu, mtu huona. Kitabu hakikumwacha mama yake Lagos.

Uchungu huo unasikika katika anwani za Kiyoruba kuliko mahali pengine. Mwaka 1988 alionyesha London picha zenye jina la Abiku. Abiku kwa Wayoruba ni mtoto azaliwaye, akafa, akarudi tumboni mwa mama yule yule akazaliwa tena ili afe tena. Mgeni wa daima ambaye haijulikani makao yake ni duniani au kuzimu. Ukilipasua neno lenyewe utapata a-bí-kú, azaliwaye kufa. Wanazuoni wa kulinganisha lugha huhesabu kwamba kú hiyo ni ndugu wa mzizi wa kale wa Kibantu uliotupa kufa, mfu na kifo. Na bí ni ndugu wa mzizi uliotupa kuzaa. Yaani neno ambalo kwa masikio ya London ni fumbo la mbali, kwa Mswahili ni la jamaa, ingawa sauti zimebadilika mno njiani hata ndugu hawatambuani. Wala wazo lenyewe si geni kwake: watoto waitwao Mashaka au Tabu aghalabu hubeba katika majina yao habari za msiba uliowatangulia.

Kwa nini mtu aliyekimbizwa nchi akiwa mtoto ajipatie jina la Abiku? Haihitaji maelezo marefu. Aliondoka Lagos, akaondoka Brighton, akaondoka Washington na New York; kila mahali alizaliwa upya na kila mahali palimtarajia aondoke. Jambo la kusifiwa ni kwamba hakuitafsiri anwani ili Waingereza wapate raha. Alipoandika maelezo ya Kiingereza pembeni aliyaandika kama nyongeza, na neno la Kiyoruba likabaki mbele.

Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi karibu na Durban mwaka 1972, amefanya vivyo hivyo kwa Kizulu katika picha zake za nafsi ziitwazo Somnyama Ngonyama, alizozianza mwaka 2012. Mswahili aonapo jina hilo huenda akadhani ameelewa, akasoma mnyama. Amepotea: kwa Kizulu -mnyama ni weusi, na ngonyama ni simba. Undugu wa lugha hudanganya pia, na yafaa ukumbukwe udanganyifu huo kila mara Mwafrika mmoja anapodai kuzielewa ishara za Mwafrika mwingine kwa sababu ya uafrika tu.

Sasa yabaki swali la jinsi gani picha hizi zisemwe kwa Kiswahili. Si swali dogo. Kamusi zatoa maneno machache na yote ni mawe ya kurushiana. Hanithi, neno la Kiarabu, humchanganya apendaye wanaume na mtu asiye na nguvu za kiume. Msenge ni tusi tupu. Shoga ndilo lililodhulumiwa zaidi: kwa wanawake wa Unguja ni rafiki wa kike, msiri wa mwanamke mwenzake, neno tamu la barazani na la jikoni, likivikwa mwanamume hugeuka kuwa aibu, na siku hizi aibu hiyo imewafikia hata wanawake, wengi wao huliepuka mbele ya watu. Huko Uganda wahusika wenyewe wamejichagulia neno kuchu, wakaepukana na msamiati wa wengine. Kiswahili cha maandishi bado hujikongoja kwa fungu la maneno kama mapenzi ya jinsia moja, ambalo halina tusi, na halina uhai pia.

Lakini sarufi ni pole kuliko kamusi. Kiswahili hakitofautishi mke na mume katika viwakilishi vyake; Kiyoruba vilevile; Kizulu vilevile. Sentensi ampiga picha ampendaye ni kamili, haina pengo, wala haimfichulii mtu siri. Mwingereza akitaka kuisema hana budi kuchagua. Muholi, ambaye kwa Kiingereza amekataa viwakilishi vya kike na vya kiume, kwa Kizulu hakuhitaji kukataa kitu. Washairi wa mapenzi wa pwani wameutumia upole huo wa sarufi kwa karne nyingi: mpenzi, muhibu, nuru ya macho, na msikilizaji anaachiwa kujaza mwenyewe. Basi mtu asemaye kwamba Kiswahili hakina namna ya kuzungumza juu ya picha za Fani-Kayode kwa heshima ametazama upande mmoja tu wa lugha.

Atakuja mwingine aseme kwamba shida si lugha bali jambo lenyewe, kwamba limeletwa kutoka Ulaya. Fani-Kayode aliliona shtaka hilo kabla halijaletwa: katika insha ile ile alikisia kwamba maonyesho yake yakifanyika Lagos yangezusha ghasia, naye angeshtakiwa kuwa mchuuzi wa uozo wa Magharibi. Yafaa shtaka hilo lichunguzwe kwa kanuni zile zile zinazotumika kuchunguza maneno ya mkopo. Katika mahakama za Tanzania na Kenya mtu hushtakiwa kwa tendo la kinyume cha maumbile, na wengi huyasikia maneno hayo kama sauti ya mababu. Katika hati ya mashtaka ni tafsiri. Yametoka katika sheria za jinai za Waingereza, ambao waliyaandika katika kifungu cha 377 cha sheria ya Uhindi ya mwaka 1860, kisha wakayasambaza katika makoloni, Nigeria ikiwamo. Kifungu cha 154 cha Tanzania na cha 162 cha Kenya ni wajukuu wa maandishi hayo. Hii haithibitishi kwamba mababu waliyakubali mapenzi hayo. Wengine wamejaribu kuzitumia picha za Fani-Kayode kuthibitisha jambo hilo juu ya Wayoruba wa kale, na picha haziwezi kubeba mzigo huo. Zimepigwa Brixton na mtu wa Brixton. Kinachothibitika ni kimoja tu, kwamba katika ugomvi wa asili na ugeni, asili ya mshtaki nayo ina haki ya kuulizwa.

Wala Uingereza yenyewe haikuwa kimbilio la amani. Mwaka 1988, mwaka uliotoka kitabu chake Black Male/White Male, bunge la London lilipitisha kifungu cha 28 kilichokataza mabaraza ya miji kuyaendeleza mapenzi ya namna hiyo mbele ya umma. Kifungu hicho hakikuondolewa katika Uingereza na Wales hata mwaka 2003. Mwaka huo huo wa 1988 wapiga picha weusi waliunda chama cha Autograph, na Fani-Kayode akawa mwenyekiti wa kwanza.

Miongoni mwa waasisi wa chama alikuwamo Sunil Gupta, aliyezaliwa New Delhi mwaka 1953 na kuhamia Kanada pamoja na wazazi wake mwaka 1969. Kuwalinganisha wawili hawa kwafaa kuliko kumlinganisha Fani-Kayode na Mapplethorpe. Katika picha za Exiles, alizozipiga Delhi katika miaka ya 1986 na 1987, Gupta huwaweka wanaume wapendao wanaume mbele ya mahali pajulikanapo na kila mtu: kaburi la Humayun, lango la India Gate. Nyuso nyingi zimegeuka, na chini ya kila picha pana maneno machache ya mazungumzo. Mahali ni dhahiri, mtu amefichwa. Fani-Kayode afanya kinyume. Hakuna mahali katika picha zake. Nyuma ya mwili ni giza au kitambaa tu. Msomaji wa pwani, aliyezoea picha za studio kama zile za Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, anajua kazi ya pazia la nyuma: humpeleka mteja mahali asipokuwapo, kwenye bustani au ngazi za jumba. Pazia la Fani-Kayode halimpeleki mtu popote. Gupta anaweza kurudi Delhi akapiga picha, japo kwa kificho, na kifungu cha 377 kilipopunguzwa na mahakama kuu ya nchi yake mwaka 2018 picha zile zilisomwa upya na wenyeji. Fani-Kayode hana mji wa kuusimamisha nyuma ya watu wake. Ana majina tu.

Si kila picha yake ina nguvu sawa. Zile za rangi za mwaka 1989 husifiwa sana, na baadhi zastahili. Lakini katika chache maua, matunda, vitambaa na shanga vimekuwa vingi hata mwili umepoteza ile kazi ya kutawala upatanisho. Umekuwa kitu kimoja katika meza ya karamu. Anwani za Kiingereza za mwaka huo, kama Nothing to Lose na Every Moment Counts, zasema kwa sauti kubwa jambo ambalo picha ingelinyamazia vizuri zaidi. Ni haki kukumbuka kwamba Nothing to Lose ilifanywa kwa maonyesho juu ya watu waishio na virusi vya UKIMWI, na aliyeifanya alijua kuwa siku zake zimehesabiwa. Mtu wa namna hiyo husamehewa haraka. Picha haihitaji kusamehewa, yahitaji kutazamwa, na ikitazamwa kando ya Bronze Head huonekana nyepesi.

Juu ya nani aandikwe kuwa mwenye picha za mwisho pamekuwa na mabishano. Hirst alizitunza na kuzionyesha mpaka naye akafariki mwaka 1992, na kitabu kilichotolewa mwaka 1996 na Revue Noire pamoja na Autograph kina majina mawili juu ya jalada. Wapo waonao kwamba jina la pili laipunguza kazi ya Mwafrika. Madai hayo yana uzito katika historia ambamo kazi za Waafrika zimepokonywa mara nyingi. Lakini wanaoyatoa mara nyingine hutaka msanii aliyetakaswa, asiye na Mwingereza nyumbani mwake. Na mtu huyo hakuwapo.

Picha inayozidi nyingine zote, pamoja na Bronze Head, ni Sonponnoi ya mwaka 1987. Kiwiliwili cha mwanamume kimepakwa madoa meusi na meupe. Kichwa hakimo. Mikono imeshika mishumaa mitatu iwakayo mbele ya kinena. Sonponnoi ni mungu wa ndui, mwenye kuleta ugonjwa na mwenye kuuondoa. Wayoruba waliogopa kulitamka jina lake, wakamwita kwa majina ya pembeni. Na serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ibada yake kwa kuwashuku makuhani kuwa wanaieneza ndui. Ndui yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani wakaandika habari za kwanza za ugonjwa mwingine.

Ugonjwa huo nao watu hawakupenda kuutaja. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo. Baadaye Kiswahili cha mitaani kikaleta ngoma na miwaya, na hata UKIMWI, kifupisho cha wizara, kilitamkwa kwa kunong'ona. Fani-Kayode katika mwaka 1987, katikati ya hofu ya London, ambako magazeti yaliandika juu ya watu kama yeye yale makuhani wa ndui waliyoshukiwa zamani, alilichukua jina lisilotajwa na kuliandika chini ya mwili wenye mishumaa. Mishumaa ni ya kanisa, au ya sherehe, au ya mkesha wa maiti. Madoa ni ya ugonjwa, au ya pambo la ngoma. Na macho yakikaa juu yake muda mrefu huonekana kama nyota.

Atakayeichapa picha hii siku moja pamoja na maelezo ya Kiswahili atashawishika kuandika Mungu wa Ndui. Ni tafsiri sahihi na imfunge mkono. Ndui kwa msomaji wa leo ni neno la vitabu vya historia, halimtishi mtu, na jina lililokuwa likiogopwa lingekuwa limefanywa salama kwa kalamu ya mfasiri. Heri abakize Sonponnoi, na amwachie msomaji alitamke kadiri ulimi wake utakavyoweza.